Gemu umeilipia lakini bila lancha haifunguki: pa kuanzia kutafuta tatizo

Kabla hujagusa chochote, usifute gemu. Naanza na hili kwa sababu ndio kosa ninalokutana nalo kila mara, mtu kalipia gemu yake kihalali, kaidaunlodi kwa bando la usiku siku tatu mfululizo, siku intaneti haipo anabonyeza haifunguki, basi anaona dawa ni kuiondoa na kuinstoli upya, GB 40 zimekwenda na tatizo liko palepale. Mara nyingi gemu yote iko kwenye diski yako, hakuna kilichopungua, ila mlango wake umepitishwa kwenye lancha ya duka, ile programu ya Steam au Epic inayofunguka kwanza ndio gemu ifuate. Kwahiyo swali la kujiuliza ni moja tu: hii gemu inaihitaji lancha kweli, au inapitia humo tu wakati inaweza kusimama yenyewe? Dawa za hayo mawili ni tofauti kabisa.

Na tuelewane mapema, naongelea gemu ulizonunua kwa akaunti yako. Mambo ya kukreki, yaani kuvunja kinga ya gemu, simo, na nitaeleza mbele kwanini yanaumiza hata aliyelipa.

Sababu za kutaka kuiacha lancha ziko nyingi na zote ni za msingi. Steam iliacha kusapoti Windows 7, 8 na 8.1 tarehe 1 Januari 2024, na huku kwetu desktop za mtumba zenye Windows 7 bado zinapiga kazi kila mtaa, gemu yenyewe ya mwaka 2012 inaziweza vizuri tu ila lancha ndio haizitaki tena. Halafu kuna RAM. Ukiwa na GB 4 fungua Task Manager wakati Steam imewaka uone steamwebhelper zilivyojipanga pale, hizo ni brauza ndani ya lancha, na kila moja inamega kipande ambacho gemu ingekitumia. Na umeme ukikatika ukarudi bila intaneti, hutaki kuanza kubembeleza programu ikutambue.

Dalili ya kwanza: unabonyeza ikoni ya gemu, inafunguka lancha

Hii ndio nyepesi kuliko zote na watu wengi wanaishia hapa wakidhani gemu imefungwa. Chukua Stardew Valley iliyonunuliwa Steam. Ile ikoni ya kwenye desktop, bonyeza kulia, ingia Properties, utakuta sehemu ya anwani pameandikwa steam://rungameid/413150. Ukiangalia vizuri hiyo si njia ya faili, ni agizo kwa Steam kwamba fungua gemu namba 413150. Yaani ikoni yako haijui kabisa gemu iko wapi, inaijua Steam tu, ndio maana lazima Steam iamke kwanza.

Sasa ifuate gemu ilipo. Kwa kawaida ni C:\Program Files (x86)\Steam\steamapps\common, humo kila gemu ina folda yake. Ifunge Steam kabisa, sio kubonyeza X maana inajificha pale chini karibu na saa, bonyeza kulia kaikoni kake uchague Exit. Zima Wi-Fi. Ingia folda ya Stardew Valley, bonyeza mara mbili faili ya exe yenye jina la gemu, hiyo ndiyo inayoiwasha. Inafunguka. Hakuna ujanja uliotumika hapo, waliotengeneza hawakuifungia kwenye lancha, basi. Crusader Kings II na FTL nazo ziko hivyohivyo.

Kuna gemu ambazo exe ya juu kwenye folda ni ya kuitia nyingine iliyo ndani zaidi. Zilizotengenezwa kwa Unreal, programu ya kutengenezea gemu, nyingi exe ya kweli iko kwenye Binaries\Win64 na jina lake linaishia na Shipping. The Witcher 3 ipo kwenye bin\x64, na tangu apdeti kubwa ya Desemba 2022 kuna na bin\x64_dx12, hiyo ya pili ni ya DirectX 12, mashine yako ikiwa ya kawaida fungua ile ya x64 tu.

Ukishaipata usihamishe exe kuipeleka desktop, tengeneza shotikati. Na hapa pana kitu kidogo kinachosumbua watu, ile sehemu ya "Start in" kwenye Properties za shotikati ikiwa tupu au imeandikwa folda nyingine, gemu inaanza ikitafuta mafaili yake mahali siyo, unaona skrini nyeusi sekunde mbili halafu kimya. Jaza humo njia ya folda ambayo exe imo.

Dalili ya pili: umebonyeza exe yenyewe na bado Steam inajiwasha

Hapa ndani ya gemu kuna mstari unaouliza "je, nimeanzishwa na Steam?", jibu likiwa hapana gemu inajizima na kuiita Steam iianzishe upya. Valve, wenye Steam, waliweka njia ya kuliruka hilo swali kwa ajili ya watengenezaji wanapojaribu gemu zao: faili ya maandishi inayoitwa steam_appid.txt, imekaa pembeni ya exe, ndani yake namba ya gemu tu, hakuna kingine. Namba unaipata kwenye anwani ya ukurasa wa gemu dukani au kwenye ile shotikati ya mwanzo. Fungua Notepad, andika namba, sevu. Angalia tu Windows isikufiche mkia wa faili ikawa steam_appid.txt.txt, hilo limenichosha sana kwa watu wanaoniambia "nimejaribu haikubali", washa "File name extensions" kwenye View uone jina lote.

Lakini usiipe hiyo faili sifa isiyo yake. Inaruka lile swali la kwanza tu. Baada ya hapo gemu itajaribu kuongea na Steam kupitia steam_api.dll au steam_api64.dll (dll ni faili ya msaada ambayo gemu inaitumia), na Steam isipokuwepo jibu linarudi limeshindikana. Gemu iliyoandikwa kwa ustaarabu inasema sawa, inaendelea bila tuzo na bila orodha ya marafiki. Nyingine inafunga. Ni jaribio la dakika moja, lifanye mara moja ujue msimamo wa gemu yako, usikae nalo usiku kucha.

Dalili ya tatu: ujumbe unaotaja Steam

Soma ujumbe wote, piga picha hata kwa simu. Ukiona "Application load error 5:0000065434" maana yake exe yenyewe imefungwa ndani ya kifuniko cha Valve, na kifuniko hakifunguki bila lancha kuwepo na akaunti yenye leseni. Faili ya namba haisaidii hapa. Ukiona maneno ya kushindwa kuanzisha Steam API, au kama ile ya Terraria inayokwambia ianzishe gemu kutoka kwenye Steam, hapo mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeamua iwe hivyo.

Kwa gemu za aina hii njia za halali zipo mbili: kuitumia Steam bila intaneti, nitaifikia sasa hivi, au kuinunua gemu hiyohiyo kwenye duka lisilofunga, Terraria kwa mfano ipo GOG. Usiende kutafuta "steam_api64.dll" kwenye mitandao ya kupakua mafaili. Hili naomba unielewe. Faili ya dll inaendesha amri kwa uwezo uleule wa gemu yako, hujui aliyeiweka pale kaiongezea nini, na kompyuta hiyohiyo ndio unaingilia barua pepe na benki. Umelipa gemu elfu ishirini unakuja kupoteza akaunti nzima yenye gemu zote ulizokusanya miaka mitano.

Dalili ya nne: Steam bila intaneti nayo inagoma

Offline Mode inafanya kazi vizuri sana ila inataka maandalizi ukiwa na mtandao, na watu wanaikumbuka mtandao ukishakatika. Ukiwa na bando, ingia kwenye akaunti ukiweka alama ya kukumbukwa, kila gemu unayoitaka iache imalize apdeti zake zote kabisa, kisha ifungue mara moja ifike kwenye menyu. Ndio uende menyu ya Steam uchague "Go Offline". Gemu yenye apdeti iliyofika nusu haitafunguka nje ya mtandao, Steam inaihesabu kuwa haijakamilika. Na usibonyeze "Sign out" hata siku moja ukijua utakaa bila intaneti, maana kuingia upya lazima mtandao.

Kuna sababu nyingine ambayo nilihangaika nayo jioni nzima kwenye desktop ya mdogo wangu. Nywila sahihi, bando lipo, simu inafungua kila kitu kwa hotspot ileile, lancha inasema haiwezi kuunganika. Nimezima faiawoli, nimebadili DNS, wapi. Mdogo wangu akasema "kaka mbona saa hii inasema saa tisa usiku", ndio kuangalia kona ya skrini tarehe ni ya mwaka 2010. Betri ndogo ya kwenye mazabodi, ile duara ya CR2032, ilikuwa imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Tarehe ikiwa mbovu vyeti vya usalama vya seva vinaonekana bado havijaanza kutumika, kwahiyo lancha inakataa kuunganika na iko sahihi kukataa. Tumerekebisha tarehe kwa mkono ikaingia palepale, kesho yake tukanunua betri kwa fundi saa. Kwahiyo lancha yoyote ikigoma kuingia, macho yaende kwenye saa kwanza.

Dalili ya tano: ujumbe wa dll au namba za ajabu

Hii inatokea sana ukikopi folda ya gemu kwa flashi kutoka mashine moja kwenda nyingine, au ukiformati Windows ukairudisha folda iliyokuwa diski D. Watu wanasema gemu imeharibika au duka limeifunga. Hapana. Lancha inapoinstoli gemu huwa inaweka na vifaa vya Windows kimyakimya, sasa wewe umeiruka lancha basi na hiyo kazi hakuna aliyeifanya.

VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haipo: instoli Visual C++ Redistributable ya Microsoft, na weka zote mbili x86 na x64 hata kama Windows yako ni ya biti 64, maana gemu ya biti 32 inataka ya kwake. d3dx9_43.dll au xinput1_3.dll haipo: ni DirectX End-User Runtime ya Juni 2010, usidanganyike kwamba una DirectX 12 tayari, zile za zamani hazimo ndani yake. Namba 0xc000007b mara nyingi ni vitu vya biti 32 na 64 vimechanganyika, na chanzo chake kikubwa ni mtu aliyeokota dll moja moja mtandaoni akazitupia kwenye folda, zitoe zote uweke pakeji rasmi. Kabla hujatumia bando angalia ndani ya folda ya gemu kama kuna folda inaitwa _CommonRedist, au kwenye steamapps\common kuna Steamworks Shared, installer hizo huwa tayari zimo humo zimekaa tu.

Ukiambiwa inatakiwa kuwepo folda ya Data pembeni ya exe, hiyo ni gemu iliyotengenezwa kwa Unity, programu nyingine ya kutengenezea gemu, na umekopi exe peke yake. Rudi ukachukue folda nzima.

Kama haisemi chochote, inajifunga tu, andika eventvwr kwenye Start, ingia Windows Logs halafu Application, tafuta mstari mwekundu wa dakika ileile. Pameandikwa "Faulting module name", hilo jina ndio la kulifuatilia.

Dalili ya sita: gemu imefunguka, ila maendeleo yako hayapo

Naomba hapa twende taratibu kwa sababu ndipo watu wanapopoteza kitu ambacho bando haliwezi kurudisha. Mtu ana saa 120 kwenye gemu, kaifungua bila lancha kaona "New Game" peke yake, kaanza upya kwa hasira, baadae Steam ikiwaka inapandisha ile sevu mpya juu ya ya zamani.

Sevu zinakaa sehemu mbili tofauti kutegemea na gemu. Nyingi zinakaa kwenye folda zako za Windows na hazijali lancha: Stardew Valley ni %AppData%\StardewValley\Saves, The Witcher 3 ni Documents\The Witcher 3\gamesaves, Hollow Knight ni AppData\LocalLow\Team Cherry\Hollow Knight. Hizi utazikuta tu. Aina ya pili gemu inaikabidhi Steam iitunzie, na hizo zinakaa ndani ya folda ya Steam, userdata, halafu namba ya akaunti yako, halafu namba ya gemu, halafu remote. Bila Steam gemu haijui kuziomba, kwahiyo inaonyesha tupu. Zipo, hazijafutika.

Kwanza kabisa kopi hizo folda mbili uweke flashi au diski nyingine, kila moja na tarehe yake. Ndio uendelee na majaribio. Na siku utakayowasha Steam ikakuuliza kati ya sevu ya kwenye kompyuta na ya kwenye wingu ibaki ipi, usibonyeze haraka, pale wanaonyesha tarehe na saa ya kila moja, soma. Ukiwa na kopi yako pembeni hata ukikosea unarudisha.

Kama gemu inacheza vizuri lakini haisevu kabisa, angalia Windows Security, sehemu ya Ransomware protection, kama "Controlled folder access" imewaka inazuia programu isiyoijua kuandika kwenye Documents. Ruhusu exe ya hiyo gemu.

Vitu vingine vidogo: pedi ya PlayStation iliyokuwa inafanya kazi ikafa ghafla, hiyo ni kwa sababu Steam ndiyo iliyokuwa inaitafsiria Windows ionekane kama ya Xbox, weka DS4Windows ifanye hiyo kazi. Mod (marekebisho ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji) za Workshop ya Steam kutoonekana ni kawaida, mafaili yako steamapps\workshop\content ila gemu huwa inaiuliza Steam orodha, baadhi zinakubali ukizikopi kwenye folda ya mods ya gemu. DLC (nyongeza za gemu) ulizolipia zikipotea nazo ni hivyo hivyo, uhakiki unapitia lancha, kwa hilo tumia Offline Mode.

Ukinunua GOG

Huku ndiko ninakopendekeza kwa moyo mmoja mtu mwenye intaneti ya kusuasua, duka hili lipo tangu 2008 na linauza gemu zisizofungwa, lancha yao ya Galaxy ni hiari. Lakini nako watu wanakwama. Dalili: umepakua kafaili kadogo, ukikafungua kanaanza kutaka intaneti na kuleta Galaxy. Umebonyeza kitufe kikubwa cha juu. Shuka chini kwenye orodha ya "offline backup game installers", hizo ndio zenyewe, faili moja ya exe na nyingine za bin kwa gemu kubwa. Zote ziwe folda moja na majina yasibadilishwe, brauza ikikuongezea (1) mwishoni mwa jina installer haitaitambua. Ikisema faili zimeharibika, linganisha ukubwa wa kila bin na ulioandikwa kwenye ukurasa, iliyopungua ndio uipakue tena hiyo hiyo moja, sio zote. Ukishamaliza ziweke diski ya nje, siku yoyote mashine yoyote unainstoli bila MB hata moja.

Epic ni mchanganyiko, baadhi ya gemu zinafunguka kwa exe yake moja kwa moja na nyingine zinaikataa. Tatizo likiwa ni uzito wa lancha, kuna Heroic Games Launcher, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, inaingia kwa akaunti yako ya Epic au GOG na ni nyepesi, inakwenda Windows na Linux.

Pasipo na njia

Sitaki upoteze wiki. Gemu ya Steam inayoita lancha ya pili, kama GTA V inavyoita ya Rockstar, haitasimama yenyewe. Gemu yenye Denuvo, kinga ya kuzuia gemu kukrekiwa, inataka intaneti angalau mara ya kwanza kwenye kila mashine, na ukibadilisha prosesa au mazabodi inaweza kukuomba tena. Gemu inayoishi kwenye seva inakufa na seva, The Crew ilizimwa tarehe 31 Machi 2024 na hata waliokuwa na diski mkononi hawakuwa na cha kufanya. Jimbo la California limeweka sheria, inayotumika tangu 1 Januari 2025, kwamba duka likitumia neno kununua lazima limweleze mteja anapata leseni, na ukiangalia kwenye Steam unapolipia sasa hivi utaona hayo maneno.

Kwahiyo jaribu mapema. Kabla hujalipa tafuta jina la gemu kwenye PCGamingWiki, wanaandika imefungwaje kwa kila duka na sevu zake zinakaa wapi. Ukishailipia Steam una siku 14 za kurudisha pesa kama hujafikisha saa mbili za kucheza, basi siku ileile ikimaliza kushuka funga lancha, zima Wi-Fi, bonyeza exe. Ikigoma na wewe unakaa sehemu intaneti ya shida, omba pesa yako irudi ukainunue kwingine.